Mzingile: Nani Atapeleka Habari ya Msiba?

Niseme ukweli: niliposikia kwamba zamu hii kikundi chetu cha kusoma hapa Mtwara kinasoma Mzingile, niliguna. Nagona (1990) ilikuwa imeshatutoa jasho. Sasa tena mwendelezo wake, uliotoka 1991? Euphrase Kezilahabi wa Rosa Mistika unamwelewa hata ukiwa kwenye daladala. Huyu wa riwaya hizi mbili anakutaka ukae chini, urudie ukurasa.

Tulikutana Shangani jioni, watu saba, nakala mbili. Ubishi wa kwanza: je, Mzingile inasomeka bila Nagona? Wengi walisema haisomeki. Mimi nasema inasomeka. Nagona inatuacha tukimsubiri mkombozi. Mzingile inamtuma msimulizi akamtafute mzee mmoja, ambaye wengi tunamsoma kama Mungu aliyejitenga na viumbe wake, ampe habari kwamba mwanawe amekufa. Safari ya namna hiyo nani asiyeielewa? Aliyesoma Nagona ataumia zaidi tu, maana anajua kilichokuwa kikisubiriwa.

Dada mmoja, kwao Kilambo, alikuwa kimya muda wote. Kisha akasema, "Jamani, hii kazi mimi nimeifanya." Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, ndugu zake wa ng'ambo ya Ruvuma walikimbia. Mtoto wa mjomba wake hakufika. Yeye ndiye aliyetumwa kwenda kumwambia mjomba. Njia nzima, alisema, alikuwa anaomba asimkute nyumbani.

Tulikaa kimya. Halafu mimi, kwa ubishi wangu, nikatoa lawama niliyokuja nayo: Kezilahabi anateketeza dunia nzima kwa silaha, lakini hatuonyeshi kijiji tunachokijua, wala mama anayehesabu wanawe. Wahusika ni mawazo yanayotembea, na wanawake ndio wamezidi kufanywa alama. Dada akanijibu, "Angeandika Palma, ungesema hayo ni ya kule."

Sikuwa na jibu. Kezilahabi alifariki Januari 2020, Palma hakuiona. Lawama yangu kuhusu wanawake bado ninayo. Ile ya kijiji nimeirudisha mfukoni.

Kama una subira, anza na Nagona. Kama huna, chukua Mzingile, haifiki hata kurasa mia. Ila usiisome peke yako. Tafuta wenzako, na yule aliyekaa kimya msubirini aseme.