Siku za Mkulima katika Kinjeketile

Wahakiki wengi wa Kinjeketile (1969), tamthilia ya Ebrahim Hussein, huyakimbilia maji: imani, umoja, na neno linalomzidi nguvu aliyelitamka. Ni haki yao. Lakini mchezo unafunguliwa na wanawake wawili wanaoilalamikia njaa, ilhali wanaume wako katika shamba la pamba la Bwana Kinoo. Hapo ndipo penye kidonda cha Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, bara ya Kilwa, kwa kung'olewa miche ya pamba. Mkulima wa huko hakuishi kwa jembe tupu. Baada ya mtama na mpunga aligema mpira wa mwituni, akakusanya nta, akachimba sandarusi (kazi isiyokwisha kwa siku moja), akaviuza pwani; huko ndiko zilikopatikana rupia za kodi ya Mjerumani. Pamba ya amri ilimpokonya siku za kazi hizo zote, pamoja na zile za kulima chakula. Hussein analiona hilo, kisha analiacha upesi mno. Kinjeketile akishaibuka mtoni, tumbo linanyamaza na hoja inatawala jukwaa. Bi Kitunda na Bi Bobali walikuwa na mengi ya kusema kuliko waliyopewa.