Tone kwa Tone

Garsen tulichota maji ya mto Tana yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama alitia shabu kidogo ndooni, akafunika, na kufikia asubuhi tope lilikuwa limetuama. Ya juu tulikunywa, ya kati tukafulia, na mashapo yakaenda shinani mwa mpapai. Kwa hiyo nilipomtazama Asha akijipangusa jasho, akilikamulia kwenye chombo lisafishwe alinywe, mikono yake niliijua.

Asha ndiye roho ya Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, iliyotengenezwa mwaka 2009 na kuonyeshwa Januari 2010 kwenye tamasha la Sundance, Marekani. Ni ya dakika ishirini na kitu. Miaka 35 imepita tangu Vita vya Maji, juu ya ardhi hakioti kitu, na jamii ya Maitu imejifungia ndani ya jengo, ikizalisha umeme kwa nguvu za miguu na mikono. Mkojo husafishwa ukanywewa. Ndoto nazo zimekatazwa, na anayeota hupewa dawa ya kuzizima. Siku moja Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo usiojulikana ulikotoka. Anaunusa, na papo hapo anaota mti.

Ufundi wa Wanuri naupenda hapo kwenye kunusa. Mtengenezaji mwingine wa hadithi za sayansi angetuonyesha vyombo vya angani na miale ya moto. Yeye ameweka uzito wote wa dunia iliyokufa kwenye pua ya mwanamke na konzi ya udongo. Maneno ni machache mno. Chupa ndogo ya maji inashikwa, inainuliwa, inatazamwa, na mtazamaji anajikuta naye anahesabu yaliyobaki. Fedha hazikuwa nyingi, na filamu ilipigwa Afrika Kusini. Kwa mandhari yake Wanuri alirudi kusoma mbinu za filamu za miaka ya 1950, picha za kuchora na pazia la kuangaziwa nyuma ya mwigizaji, akazilinganisha na sanaa za Kiafrika. Ndiyo maana jangwa lile lina kimya cha kitu kilichofanywa kwa mkono. Naamini fedha nyingi zingelipunguzia ukali.

Wako waliodhani hadithi za namna hii ni ngeni Afrika. Wanuri amelijibu hilo waziwazi, kwamba kuwazia yajayo ni kwetu tangu zamani, na mimi niko upande wake. Huku Tana hatuhitaji kusukumwa sana ili tuamini Vita vya Maji. Mpokomo analima ukingoni, na Muorma analeta ng'ombe wake wanywe kupitia malka, njia za kushukia mtoni. Malka ikizibwa na shamba, kiangazi hakina subira. Mwaka 2012, miaka mitatu baada ya filamu kutengenezwa, ugomvi wa ardhi, maji na malisho katika Delta ya Tana uliua watu zaidi ya mia moja. Na maji hayohayo, mwishoni mwa 2023, yalijaa hadi yakafukuza watu majumbani.

Niliwahi kuitazama Pumzi kwa simu, chini ya mwembe, pamoja na vijana wanne, wawili wa mashamba na wawili wa mifugo. Asha aliponyimwa ruhusa ya kutoka nje, mmoja wa wafugaji aliuliza, "Kwani huyu hana malka?" Hakuna aliyecheka. Tulimfuata akitoroka kwa msaada wa mwanamke wa usafi, akivuka mchanga na mche uliochipuka katika udongo ule, hadi pale anapoupanda, akaumwagia maji yake ya mwisho, akaukamulia jasho lake, kisha akalala juu yake kuukinga na jua.

Mti unaota pale alipolala. Simu ikazima mwanga, na wale wanne wakaanza kubishana ni mti gani. Mmoja akasema mgunga, ng'ombe wapate kivuli. Mwingine akashikilia kwamba ni mwembe, akatuonyesha ule tuliokuwa tumeuegemea.