Mkono Usiomshtua Mnyama

Upo ufundi usioacha kitu cha kutazamwa: kutoa damu ya mnyama bila kumtia hofu. Robert Sapolsky, Mmarekani aliyeanza kuwafuatilia nyani wa Maasai Mara mwaka 1978, aliushika kwa miaka mingi. Silaha yake ilikuwa bomba la kupuliza kwa mdomo, ndani yake kimshale cha dawa ya usingizi. Alimngoja nyani ageuke, asimwone. Alichota saa zilezile, kwa kuwa kotisoli, homoni ya mfadhaiko aliyoipima ili kuilinganisha na cheo cha nyani kundini, huwa juu asubuhi na kushuka jioni. Nyani aliyetoka kupigana alimwacha. Aliyetoka kupanda jike alimwacha. Mwenye jeraha au ugonjwa, vilevile. Kimshale kikishampata, zilikuwapo dakika chache tu kabla mshtuko haujaivuruga damu.

Huko kumwacha mgonjwa ndiko kunakonigusa kuliko yote. Mwili ukivamiwa na vijidudu, seli za kinga hutoa intalukini-1, na habari hufika ubongoni. Haipothalamasi hutoa homoni ya CRF, tezi ya pituitari huitika kwa homoni ya ACTH, kisha tezi za adrenali humwaga kotisoli, ambayo huirudisha kinga nyuma isije ikaudhuru mwili inaoulinda. Sapolsky huyohuyo, akiwa na Wylie Vale na wenzao, alionyesha kwa panya mwaka 1987 kwamba intalukini-1 huichochea haipothalamasi. Katika toleo lilelile la jarida la Science, watafiti wengine waliandika kwamba seli za pituitari zenyewe, zikikuzwa maabara, huitika moja kwa moja. Basi damu ya nyani mwenye kidonda hueleza habari za kidonda, si za cheo chake kundini. Aliyemwacha apite alijua hilo.

Siku hizi mashine hupima homoni upesi, na macho yetu yote yako kwenye mashine. Nimeona vichupa vya damu ya kupimwa kotisoli vikifika maabara bila saa ya kuchotwa, wala hakuna aliyemuuliza mgonjwa kama ana homa au kama alilala usiku. Jibu hutoka na desimali zake, limechapwa vizuri, na halina maana. Wakongwe waliojua kungoja wanastaafu, na viti vyao vinajazwa na haraka.

Ninyi mnaofundisha vijana wa maabara, kabla ya kuwakabidhi mashine wafundisheni kumtuliza mgonjwa, kumuuliza, na kuandika saa.