Mshono wa Pambano: Jinsi Geesink Alivyomshinda Kaminaga, Tokyo 1964

Mafunzo ambayo watu huyatoa katika mashindano ya michezo ya mapigano na kuyapeleka kazini hurudia karibu daima maneno yaleyale ya nidhamu, bidii na uvumilivu, maneno ambayo si ya uongo, lakini hayamsaidii sana mtu wa kazi kwa sababu hayamwonyeshi ni mahali gani hasa kazi huharibika. Fainali ya judo iliyochezwa Tokyo tarehe 23 Oktoba 1964, ambapo Mholanzi Anton Geesink alimshinda Mjapani Akio Kaminaga, hulionyesha mahali hapo waziwazi. Ni kwenye mshono, yaani pale ambapo tendo moja limekwisha na la pili halijaanza, na ambapo mtu aliyefunzwa vizuri katika matendo yote mawili anaweza bado kushindwa kwa kuwa hakufunzwa kuvuka kutoka moja hadi jingine.

Judo iliasisiwa mwaka 1882 na Jigoro Kano, mwalimu wa Kijapani aliyechambua mbinu za kale za kupigana bila silaha, akaacha zile za kuua na kulemaza, kisha akazipanga zilizobaki kuwa somo lenye misingi. Msingi wake mkuu ni matumizi bora ya nguvu, maana yake ni kwamba nguvu ndogo iliyotiwa mahali pake, kwa wakati wake, hushinda nguvu kubwa iliyotawanywa. Kutokana na msingi huo watu wengi walijenga imani ambayo ni pana kuliko msingi wenyewe, kwamba katika judo umbo halina maana na mdogo aliyeiva kimbinu atamwangusha mkubwa wakati wowote. Judo ilipoingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1964, katika jumba la Nippon Budokan lililojengwa kwa ajili hiyo, imani hiyo iliwekwa kwenye mizani mbele ya wenyewe. Kulikuwa na vitengo vinne. Vitatu viligawanywa kwa kilo, na Wajapani Takehide Nakatani, Isao Okano na Isao Inokuma wakavitwaa vyote. Cha nne kilikuwa cha uzani huru, ambacho mtu yeyote aliruhusiwa kuingia hata awe na kilo ngapi, na ndicho kilichobeba heshima ya mchezo.

Geesink alikuwa na kimo cha mita 1.98, naye Kaminaga alikuwa mfupi kwake kwa karibu sentimita 20 na mwepesi kwa kilo kadhaa, hivyo maelezo yaliyo rahisi zaidi ni kwamba mkubwa alimlemea mdogo. Maelezo hayo hayatoshi. Ukubwa unaweza kueleza kwa nini Geesink hakuangushwa, kwa maana mtu mzito ni mgumu kunyanyuliwa, lakini hauelezi namna mpinzani wake alivyofika chini na kubanwa, wala hauelezi kwa nini watu wengine wakubwa waliojaribu kabla yake hawakufika alipofika. Mwaka 1961 huko Paris alikuwa amekwisha kumshinda Koji Sone, bingwa wa dunia wa wakati huo, na kuwa mtu wa kwanza asiye Mjapani kulichukua taji hilo; na kabla ya Tokyo alikuwa amefanya mazoezi ndani ya Japani kwenyewe, pamoja na kufundishwa na Haku Michigami, mwalimu wa Kijapani aliyekuwa akiishi Ufaransa. Aliyekuja kuwashinda Wajapani alikuwa amekaa kwanza darasani kwao, jambo ambalo mashabiki wa pande zote mbili hulisahau upesi.

Ili kuielewa fainali yenyewe ni lazima kutofautisha sehemu mbili za judo. Ya kwanza ni ya kutupa, ambapo wachezaji wamesimama, wameshikana mavazi, na kila mmoja anatafuta kumng'oa mwenzake kwa kiuno, kwa bega au kwa ngwala. Ya pili ni ya kubana, ambapo wote wako chini, na mmoja anamgandamiza mwenzake asiweze kugeuka. Ushindi kamili, unaoitwa ippon, unaweza kupatikana kwa kumtupa mpinzani chali kwa nguvu na udhibiti, au kwa kumbana muda uliowekwa, ambao kwa kanuni za wakati huo ulikuwa sekunde 30. Katika mazoezi sehemu hizi mbili mara nyingi hupewa vipindi tofauti, na utengano huo humzoesha mchezaji kuona kwamba kutupa kulikoshindikana ni jambo lililokwisha: anaanguka, anavuta pumzi, anangoja mwamuzi asimamishe na kuwarudisha katikati ya mkeka. Nusu sekunde hiyo ya kungoja ndiyo mshono.

Geesink na Kaminaga walikuwa wamekwisha kukutana katika hatua ya awali, ambapo Geesink alishinda kwa uamuzi wa majaji, na Kaminaga akarudi hadi fainali kupitia njia ya walioshindwa mara moja. Kila mmoja alimjua mwenzake, na ndiyo maana sehemu kubwa ya fainali ilikuwa ya kuvutana na kupimana. Kisha Kaminaga akaingia na shambulio la kumtupa, shambulio halikufika, mizani ikampotea, naye akashuka chini. Geesink hakusimama kulitazama kosa hilo wala hakungoja sauti ya mwamuzi. Mwili wake ulishuka pamoja na ule wa mpinzani na kutua moja kwa moja katika mbano unaoitwa kesa-gatame, jina linalotokana na vazi la mtawa wa Kibudha linalopita mshazari kifuani. Katika mbano huo mbanaji hukaa ubavuni mwa mpinzani, mkono mmoja ukizunguka shingo na wa pili ukiufunga mkono wa mpinzani kwapani, huku miguu ikitanuliwa ili uzito wote ushukie mbavu na usiibiwe na magoti. Hapo ndipo kilo zilipoanza kufanya kazi. Kaminaga alijipinda na kujiinua, Geesink akawa anasogeza miguu kila alipogeuka, na sekunde 30 zikatimia, pambano likiwa limedumu dakika 9 na sekunde 22.

Mtu wa kazi akitazama vizuri atauona mshono huo kwake pia. Wodini, hatari haikai sana katika saa ambazo muuguzi yuko kwa mgonjwa, bali katika dakika chache za kupokezana zamu, ambapo anayeondoka anahesabu kazi imekwisha na anayeingia bado hajaishika. Kwenye ujenzi, fundi bomba na fundi wa kupiga lipu wanaweza kuwa hodari wote wawili, na ukuta ukavuja kwa sababu hakuna aliyekagua kabla ya mmoja kumwachia mwenzake. Mafunzo ya kazi hufundisha matendo. Ni machache yanayofundisha mavuko.

Hata hivyo ulinganisho huu una mpaka wake, kwa kuwa mashindano yana mpinzani mmoja, kanuni zilizoandikwa na saa inayohesabu, mambo ambayo ofisini hayapatikani kwa pamoja, na kinachofanya mashindano yawe mwalimu mkali ni kwamba aliyebanwa sekunde 30 hana ripoti ya kuandika wala kikao cha kumgawia mwingine lawama.

Tendo lililokumbukwa zaidi lilifuata baada ya ushindi. Baadhi ya Waholanzi walianza kukimbilia kwenye mkeka kushangilia, na Geesink akainua mkono kuwazuia. Wengi wamelisifu tendo hilo kama adabu, na adabu ilikuwemo, lakini kiufundi ni jambo lilelile la mwanzo: katika judo pambano halimalizwi na mbano bali na wachezaji kusimama mahali pao na kuinamiana, na kati ya mbano na kuinama kulikuwa na mshono mwingine, ambao nao aliuvuka akiwa bado yuko kazini.

Naye aliyeshindwa hakuishia hapo: medali ya dhahabu ya uzani huru ilikwenda Japani kwa mara ya kwanza mwaka 1976, katika Olimpiki ya Montreal, na aliyeitwaa alikuwa Haruki Uemura, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Meiji aliyefundishwa na Akio Kaminaga.