Kashe iko kwa sherifu: watetezi wa bunduki Marekani na kura ya karibu

Wandugu, kila mara Marekani inapochagua Rais, huku kwetu tunalala usiku sana juu ya kufuata matokeo. Watetezi wa haki ya raia kumiliki bunduki wako na hoja moja yenye inatuambia tunaangalia pahali pabaya. Wanasema: mutu akipenda haki hiyo, achunge kwanza kura ya sherifu, ya shauri la kaunti na ya shauri la muji. Niliifikiria sana hoja hii. Naona nusu yake ni kweli kabisa, na nusu ingine ni sumu, tena wa kwanza kuinywa ni wao wenyewe.

Tuanze na ile ya kweli. Nyongeza ya Pili ya Katiba yao iko tangu 1791. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Korti Kuu ilisema haki ya kuwa na bunduki ni ya mutu mumoja mumoja. Mwaka 2010, katika kesi ya McDonald na muji wa Chicago, ikasema majimbo na miji pia lazima viheshimu haki hiyo. Ukisoma vile, utafikiri mambo yamekwisha. Lakini hukumu ya korti haitoi permi. Permi inatoka ku biro, na ndani ya biro kuna mutu mwenye kushika kashe.

California inaonyesha vizuri. Kwa miaka mingi, mwenye kutaka kubeba bastola chini ya nguo alipaswa kuonyesha sababu nzuri mbele ya sherifu wa kaunti yake ao mukubwa wa polisi wa muji. Sheria ilikuwa moja, Katiba moja. Lakini kaunti hii permi zinatoka, na kaunti jirani mutu anaambiwa sababu yake haitoshi. Tofauti ilikuwa nini? Sherifu tu. Mwezi wa 6, 2022, kesi ya Bruen yenye ilitoka New York iliondoa mambo ya kudai sababu ya pekee. Hata hivyo, mutu angali anapeleka karatasi zake ku biro ile ile, na mwenye anazipitisha ni ule ule mwenye alichaguliwa na majirani.

Kwa sisi wenye tumezoea komanda wa polisi mwenye anatumwa kutoka juu, hii ni ngumu kuelewa. Marekani iko na kaunti zaidi ya 3,000, na katika majimbo karibu yote sherifu anachaguliwa na raia. Rais hawezi kumuamuru. Njo maana ya kesi ya Printz, 1997: sherifu mumoja wa Montana na mwingine wa Arizona walikataa kulazimishwa na Washington kuchunguza wanunuzi wa bastola. Korti Kuu ikawapa haki, majuji tano kwa ine.

Mashauri nayo? Hapo hoja inataka uangalifu. Majimbo zaidi ya 40 yanazuia miji kujitungia sheria za bunduki, yote ao sehemu. Florida iliongeza azabu mwaka 2011: mukubwa wa muji mwenye kuvunja katazo anaweza kulipa hadi dola 5,000, hata kuondolewa ku kazi. Kule, kumuchagua mushauri juu ya bunduki ni kazi bure. Lakini Virginia ilifungua mulango mwaka 2020, mashauri yakaweza kukataza bunduki katika bustani na majengo ya serikali za mitaa. Colorado ikafungua wake mwaka 2021. Pale, kura ya mushauri iko na uzito.

Tena kura hizo ni chache, kwa sababu watu wengi wanabaki nyumbani. Mwaka 2013, kule Colorado, John Morse, mukubwa wa baraza la seneti la jimbo, aliondolewa na wapiga kura wa eneo lake juu ya sheria za bunduki. Alipungukiwa kura zisizofika 400. Kata mbili tatu zingetosha kubadilisha mambo. Basi mutetezi wa bunduki mwenye anasema kura ndogo ni kubwa, hasemi uongo.

Sasa ile nusu ya sumu. Baada ya uchaguzi wa mwezi wa 11, 2019, chama cha Demokrate kilishika mabaraza yote mawili ya Virginia. Haraka, sehemu kubwa ya kaunti 95 za jimbo lile zikapitisha maazimio ya kujiita kimbilio la Nyongeza ya Pili. Mwanasheria mukuu wa jimbo akajibu kwamba maazimio hayo hayana nguvu ya sheria. Kule Oregon, wapiga kura wa kaunti ya Columbia walikubali amri ya namna hiyo mwaka 2020; korti ya rufaa ya jimbo ikaikataa mwaka 2023. Illinois ilipokataza bunduki fulani za kivita mwezi wa 1, 2023, masherifu wengi wakatangaza hawatatafuta wenye kuzificha.

Hapo hoja imegeuka. Mwanzo ilikuwa: chagua mutu mwenye atatumikisha sheria sawasawa. Sasa imekuwa: chagua mutu mwenye atachagua sheria ya kutumikisha. Ni mambo mawili mbali mbali.

Na watetezi wa bunduki njo walipaswa kuogopa mbele ya wote. Mwaka 1956, kule Montgomery, Alabama, Martin Luther King alirushiwa bomu ku nyumba yake. Akaomba permi ya kubeba bunduki. Wakubwa wa pale walikuwa na uhuru wa kukubali ao kukataa, wakamunyima. Sheria haikuandika kwamba mweusi asipewe. Uhuru wa mwenye kashe ulitosha. Mwaka 2022, Laurie Smith, sherifu wa kaunti ya Santa Clara, California, alionekana na kosa mbele ya baraza la wazee wa korti katika kesi juu ya namna alitoa permi: wenye kuchangia kampeni na watu wakubwa walipata, raia wa kawaida wakangoja. Naye alichaguliwa kwa kura, tena mara nyingi.

Mukuki kwa nguruwe mutamu, kwa binadamu uchungu. Sherifu mwenye anaweza kupuuza sheria yenye hupendi, kesho anaweza kupuuza haki yenye unapenda.

Watajibu: sherifu aliapa kulinda Katiba, hawezi kutumikisha sheria yenye inaivunja. Ni jibu la heshima. Lakini nani anasema imevunjwa? Wale masherifu wawili wa 1997 hawakuishia kukataa: walienda mbele ya juji, wakashinda, na ushindi wao unalinda hata kaunti zenye haziwapendi. Watu wa New York nao walishitaki, wakapata 2022. Azimio la kaunti linaleta makofi; hukumu inabaki.

Kwetu, hii si hadisi ya mbali. Wakongomani wengi wenye walihamia Marekani wamepata uraia, na kura ya sherifu iko mukononi mwao, wapende bunduki ao wazikimbie. Na hapa nyumbani, tarehe 20 Desemba 2023, tulichagua washauri wa komini katika miji mikuu ya majimbo, mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006. Wangapi kati yetu tulisoma majina ya karatasi ile kwa bidii yenye tulisoma ya Rais? Mutu mwenye kushika kashe karibu na nyumba yako anastahili maswali mawili. La kwanza, yuko upande gani? La pili, lenye tunasahau: siku sheria itamukataza kitu chenye anapenda, ataitii?