Ile tablo ya masomo ya afya: mshahara wa nani, deni la nani?

Bandugu, wiki mbili zilizopita mtu mmoja alikuja kuzungumza na wanafunzi wanaomaliza sekondari hapa Butembo, juu ya kuchagua fakilte. Alionyesha tablo. Upande mmoja minervali ya miaka yote, upande mwingine mshahara wa mwenye kumaliza. Masomo ya ISTM yalikuwa juu: uuguzi, laboratwari, kinezi, radiolojia, lishe, yote kwenye mstari mmoja. Agronomia ilikuwa karibu na chini kabisa. Mimi mwenye lisansi ya agronomia nilicheka kidogo, lakini si wivu unaoniandikisha haya. Mdogo wangu wa kike alirudi nyumbani na picha ya ile tablo ndani ya simu, akamwonyesha baba, na kesho yake baba akaanza kuuliza watu bei ya shamba letu la kalitusi.

Kulinganisha deni na mapato ni jambo la akili, sikatai. Marekani wanafunzi wanakopa kwa serikali, na wizara yao ya elimu iliweka kipimo katika kanuni ya 2023: malipo ya deni kwa mwaka yasipite asilimia 8 ya mapato ya mwaka, au asilimia 20 ya kile kinachobaki juu ya mahitaji ya lazima. Huko deni lina karatasi, namba na riba inayojulikana. Huku kwetu serikali haikopeshi mwanafunzi. Deni letu ni ng'ombe, ni parseli, ni AVEC ya mama, ni mjomba aliyelipa mwaka wa pili, na wakati mwingine ni banki Lambert, ile ya mtaani inayokopesha leo na kutaka karibu mara mbili mwisho wa mwezi. Tablo haikuandika hata moja kati ya hayo. Iliandika minervali tu, sawa vile mtoto anasoma bila kula.

Tupige hesabu. Ni mfano, kila shule na bei yake. Tuseme minervali ni dola 400 kwa mwaka. Tangu LMD iingie lisansi ni miaka 3, basi dola 1.200. Jamaa akaweka mshahara wa dola 300 kwa mwezi, akasema miezi minne na deni limekwisha. Miezi minne bila kula, bila nyumba! Tukichukua ile asilimia 8, kwa mshahara wake yeye mwenyewe mtoto anatoa dola 288 kwa mwaka, na anahitaji zaidi ya miaka 4. Sasa ongeza kodi ya chumba, bluzi nyeupe, glavu, pesa ya staji, kazi ya mwisho na kuichapisha. Deni linafika 2.400 bila shida.

Na hizo dola 300 ni za nani? Hapa njo tablo inaanguka. Kwa serikali, mtu wa afya anakula kwenye vyungu vitatu: mshahara, primi ya hatari, na primi ya hapo hapo inayotoka kwenye pesa wagonjwa wanalipa. Viwili vya kwanza vinataka matrikuli. Kuna watu wengi wanaofanya kazi miaka na miaka bila matrikuli, na wanabaki na chungu cha tatu peke yake. Mwezi watu hawaumwi, au wanaumwa na hawana pesa, chungu kinakuwa kikavu. Hata mwenye kupata primi ya hatari, ya mganga iko mbali sana na ya muuguzi au ya mtu wa labo. Migomo mingapi tumeona juu ya hiyo? Basi weka dola 50 kwa mwezi. Ni 600 kwa mwaka, asilimia 8 ni dola 48. Deni la 2.400 litaisha baada ya miaka 50.

Najua pia hizo 300 zilitoka wapi, juu wote tuliziona. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na huku kwetu Beni na Butembo riposte ilileta magari, mikataba na primi za dola. Kijana wa labo alikuwa anapita na badge shingoni, mama wa soko anamwita dokta. Tarehe 25 Juni 2020 wakatangaza kwamba imekwisha, na mikataba nayo ikaisha. Lakini bei ilibaki kichwani mwa wazazi. Mkulima anajua kosa hili: anaona kitunguu kimepanda bei mwezi wa ukosefu, anapanda shamba zima, na siku ya kuvuna kila jirani naye ana kitunguu.

Halafu kuweka masomo yote ya ISTM kwenye mstari mmoja ni kukosea watoto. Inchi ina zone za afya 519. Kituo cha kijijini kinahitaji muuguzi, na mara nyingi mtu wa kusoma darubini. Mtu wa kinezi atatafuta nafasi kwenye hospitali kubwa ya rufaa, na mwenye radiolojia anahitaji mashine, na mashine inahitaji moto wa umeme. Hizo ni kazi nzuri, wagonjwa wanazihitaji sana. Lakini kuhitajiwa na kulipwa huku kwetu ni vitu viwili.

Mtu atasema: na wewe, agronomia imekulipa? Pole pole. Mimi nilisoma miaka 5, gradua 3 na lisansi 2, na ng'ombe wawili wa baba walikwenda. Mpaka leo hakuna aliyeniomba kurudisha ng'ombe. Wananiomba minervali ya mdogo wangu. Njo namna deni la familia linalipwa: haliishi, linahama. Kwa hiyo nikiangalia ile tablo, ninaona jina langu upande wa kushoto, hata kama hawakuliandika.

Basi nikaenda kwa baba. Nikamwambia: "Baba, kalitusi ukiikata inachipuka tena kwenye kisiki. Shamba ukiliuza halichipuki." Akaniuliza kama ninamkataza dada yangu kusoma. Nikasema hapana, asome labo kama anaipenda, lakini tukate miti ya nusu ya kwanza mwaka huu, ya nusu ya pili baada ya mwaka wa pili, na udongo ubaki wetu. Kilichobaki nitatafuta mimi. Yeye hakujibu, alitoka kwenda kupima miti kwa mikono, mmoja mmoja.

Dada yangu nilimpa kazi nyingine: aende kwenye hospitali tatu, asiulize wakubwa, aulize wale waliomaliza labo miaka miwili iliyopita mambo mawili tu. Una matrikuli? Mwezi uliopita ulipokea ngapi? Amekwenda ya kwanza jana. Watu wanne walimjibu, mmoja ana matrikuli. Bado anataka labo. Kesho anaenda ya pili.