Goroli Kati ya Makaburi

Stones 'n Bones ni meza ya nne na ya mwisho katika Pinball Fantasies, mchezo wa pinboli uliotolewa mwaka 1992 kwa ajili ya Amiga, kompyuta ya nyumbani ya kampuni ya Commodore. Mada yake ni makaburi na nyumba ya mizuka. Ilitanguliwa na meza ya Nightmare katika Pinball Dreams, mchezo wa mwaka huohuo, nayo pia ilijaa mashetani. Zote mbili ni kazi ya Digital Illusions, vijana wa Uswidi waliotoka katika The Silents, kundi lililoshindana na mengine kuona nani ataibana Amiga itoe lisilodhaniwa.

Ufundi wenyewe umo katika goroli. Pinboli ya mashine, ile ya kwenye baa za Marekani, ilipata vibao vya kurushia goroli mwaka 1947, na uzito wa goroli lake ni wa chuma chenyewe. Ndani ya kompyuta hakuna chuma. Kila kuserereka, kila kudunda, kila kusita kwa goroli kwenye mwinuko hukokotolewa na mtu aliyelitazama goroli halisi mpaka akaijua tabia yake. Amiga 500 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 512. Picha moja ya simu ya leo kwa kawaida haienei humo. Kwenye mashine ndogo hivyo ikawekwa meza ndefu kuliko skrini, inayopanda na kushuka ikiliandama goroli bila kukwaruza macho.

Hofu nayo ilipimwa. Chipu ya sauti ya Amiga ilikuwa na njia nne tu, na muziki wa Olof Gustafsson ulilazimika kugawana njia hizo na vishindo vya meza. Lakini kinachotisha hasa ni goroli linaloporomoka katikati, pale pasipofikiwa na kibao chochote. Makaburi yanaipa tu hofu hiyo sura. Kule Butali, magharibi mwa Kenya, kwenye simulizi za wakimbiaji wa usiku, watu wanaosemekana kutisha majirani gizani, jambo hili halihitaji maelezo: kishindo cha nje ya mlango hutisha kuliko uso unaoonekana.

Amiga haikuwa kompyuta ya Butali, wala ya soko lolote la barabara ya Kakamega kwenda Webuye. Commodore ilifilisika mwaka 1994. Pinboli iliingia huko kwa mlango mwingine: Space Cadet, meza ya Cinematronics ya mwaka 1995, iliyokuja bure ndani ya Windows XP. Mada yake ni anga za juu, lakini goroli lake lilikuwa na uzito. Kwenye saiba na maabara za shule, aliyemaliza zoezi la kuchapa aliifungua kimyakimya, kidole kimoja kwenye Z na kingine kwenye alama ya mkwaju, wenzake wakiwa nyuma ya kiti wakingojea goroli lianguke wapate zamu. Vidole vilijifunza kuliacha goroli litulie juu ya kibao kabla ya kulirusha. Vilijifunza pia kuitikisa meza kwa kiasi, kwa sababu ikizidishiwa inagoma na goroli linapotea. Cheo kilipanda polepole, kutoka kadeti kuelekea admirali, na waliofika huko walijulikana.

Windows Vista ilipotoka, pinboli haikuwemo. Raymond Chen wa Microsoft alieleza baadaye kwamba katika toleo la biti 64 goroli lilipenya vitu vilivyopaswa kulizuia, na kosa halikupatikana ndani ya programu iliyoandikwa na wengine. Mchezo ukaondolewa. Digital Illusions nayo iligeukia vita, ikatoa Battlefield 1942 mwaka 2002, na mwaka 2006 ikawa mali ya Electronic Arts.

Leo simu zimejaa pinboli za bure. Mizuka inang'aa, damu inatiririka, lakini goroli ni jepesi kama puto, na tangazo huingia mchezaji anapoanza kuizoea meza. Huo ni uzembe, hata ukipambwa namna gani.

Mwenye kompyuta ya XP iliyolala stoo Butali asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya kuiwasha. Aifungue orodha ya michezo, atafute Pinball, kisha ampishe mtoto kwenye kiti.